Kambini wanajibu, katika mtihani wanakwama: jibu kwa mwalimu mkuu wa Pemba

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu mkuu wa skuli ya sekondari huku kaskazini Pemba. Kila mwaka tunawaweka kambi wanafunzi wa kidato cha pili na cha nne kwa wiki kadhaa kabla ya mitihani ya taifa. Wazee wanachangia mchele na mafuta, walimu wanajitolea hadi usiku, na watoto wanasoma mpaka wanasinzia juu ya madaftari. Tukiwauliza kambini wanajibu, lakini katika chumba cha mtihani wengi wao wanakwama. Semina nazo kila mara zinakuja na jambo jipya, na sasa tunaambiwa tufundishe kwa kufuata utafiti. Je, utafiti unasema nini ambacho ninaweza kukifanya kwa chaki na ubao, katika darasa la watoto sabini na zaidi, bila ya fedha mpya?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, mwalimu. Ndani ya maelezo yako mna sentensi moja ambayo ndiyo kiini cha jambo lote: kambini wanajibu, katika mtihani wanakwama. Tunapoona hali hiyo, wengi wetu husema watoto walipata hofu, au hawakuwa makini, au silabasi haikumalizwa. Huenda yote hayo yamo, lakini ipo sababu nyengine iliyofanyiwa utafiti kwa zaidi ya miaka mia moja, nayo ni jinsi binadamu anavyosahau. Rai yangu, ambayo nitaieleza kwa kirefu, ni kwamba kambi inakusanya ndani ya wiki chache kazi iliyopaswa kutawanywa mwaka mzima, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kusoma tena yaliyokwisha kusomwa, wakati ambapo njia yenye nguvu zaidi ni mwanafunzi kufunga daftari na kuyatafuta kichwani mwake. Sehemu ya jasho mnalolitoa kambini ikihamishiwa kwenye dakika nane za mwanzo za kila kipindi, kuanzia Januari, mtavuna zaidi kwa gharama ndogo.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya nafsi yake. Alijifundisha orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani kilichobaki baada ya saa, siku na wiki. Aliona kwamba kusahau hutokea kwa kasi kubwa mwanzoni na baadaye hupungua kasi. Aliona pia jambo ambalo kwa mwalimu mkuu anayepanga ratiba lina uzito mkubwa zaidi: marudio 38 aliyoyagawa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa siku moja. Kazi ilipungua kwa karibu nusu, na kilichobadilika ni mpangilio tu.

Jaribio linaloeleza kambi yako vizuri zaidi ni la mwaka 2006, la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani. Waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya maandishi. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Kundi jengine lilisoma mara moja, kisha likaondolewa maandishi na kutakiwa kuandika kila linachokikumbuka, mara tatu. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83, na waliojipima asilimia 71. Mtu angeishia hapo angesema kusoma na kurudia kusoma ndiyo njia bora. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walibakiwa na asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Tena waliosoma mara nne ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Hapo ndipo kambi inapotuhadaa sote, mwanafunzi na mwalimu. Kulisoma daftari mara ya tatu na ya nne humfanya mtoto ayazoee maneno yaliyomo, na mazoea hayo huyahisi kuwa ni kujua. Ukimuuliza usiku ule ule atakujibu, na wewe utalala ukiwa umeridhika. Chumba cha mtihani hakimuulizi kama ameyazoea maneno. Kinamtaka ayatoe kichwani bila ya daftari, wiki kadhaa baadaye, kwa swali lililoulizwa kwa namna ambayo hakuitarajia, na kazi hiyo ya kuyatoa hakuwahi kuizoea.

Matokeo hayo hayakubaki maabara. Katika skuli moja ya mji wa Columbia, jimbo la Illinois, watafiti walishirikiana na walimu kwa miaka kadhaa bila ya kubadili mtaala. Waliongeza tu maswali mafupi yaliyorudi mara kwa mara, na mada zilizoulizwa namna hiyo zilikumbukwa vizuri zaidi katika mitihani kuliko mada zilizofundishwa tu na zilizosomwa tena tu. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake wanne walipitia mbinu kumi ambazo wanafunzi huzitumia kujisomea, wakapima ushahidi wa kila moja. Mbili tu walizipa daraja la juu: kujipima, na kugawa mazoezi katika muda. Kusoma tena, kupigia mistari na kufupisha maandishi ziliwekwa daraja la chini. Nenda kambini kwenu saa tatu usiku utazame wanafunzi wanafanya nini, na nadhani utaziona zaidi hizo tatu za mwisho.

Sisi wa visiwani hatuna haja ya kuyaona haya kuwa mambo ya kigeni, kwa sababu vyuo vyetu vya Kur-ani vimekuwa vikiyafanya tangu zamani. Mtoto anayehifadhi hapewi sehemu mpya kabla hajasikilizwa ya jana, na sehemu za nyuma hurejewa kwa mpango ili zisimtoke. Anaposoma, msahafu umefungwa, na anayeangalia ni mwalimu au mwanafunzi mkubwa aliyekaa mbele yake. Akikosea husahihishwa papo hapo. Hakuna mwalimu wa chuo anayemwacha mwanafunzi wake mwaka mzima bila ya kurejea, kisha akamtaka adurusu juzuu zote katika wiki sita za mwisho. Mtoto huyo huyo anayefundishwa kwa utaratibu huo jioni, asubuhi anaingia skuli ambako mada ya Februari haitajwi tena hadi Septemba. Ni kweli kwamba skulini tunahitaji zaidi ya kuhifadhi neno kwa neno, kwa vile tunataka mtoto aeleze sababu, alinganishe na atumie alichojifunza katika hali mpya. Hata hivyo, hawezi kulinganisha vitu viwili ambavyo kimoja amekisahau.

Je, mada irejewe baada ya muda gani? Nicholas Cepeda na wenzake waliichunguza hoja hiyo mwaka 2008 kwa kuwashirikisha zaidi ya watu elfu moja. Walipotaka watu wakumbuke baada ya siku 7, mwachano uliofaa zaidi kati ya kujifunza na kurejea ulikuwa wa takriban siku moja. Walipotaka wakumbuke baada ya siku 350, mwachano uliofaa ulikuwa wa takriban siku 21. Kwa skuli yako, maana yake ni kwamba mada iliyofundishwa Februari irudi kidogo siku ya pili, irudi wiki inayofuata, kisha irudi tena baada ya wiki tatu au nne, na iendelee kuchomoza hivyo hadi mwisho wa mwaka. Huhitaji kalenda yenye hesabu ngumu, maana hata mpangilio usio kamili utawafaa wanafunzi zaidi kuliko kuirejea mada yote kwa mkupuo mmoja wiki mbili kabla ya mtihani.

Sasa nikuoneshe inavyokuwa darasani, maana semina nyingi huishia kwenye nadharia na kumwacha mwalimu na chaki yake mkononi. Chukua kipindi cha Biolojia cha kidato cha pili. Wanafunzi wanapoingia wanakuta ubaoni maswali manne. La kwanza ni la jana: nyongo ina kazi gani katika mmeng'enyo wa chakula? La pili ni la wiki iliyopita: kwa nini wali ukitafunwa muda mrefu mdomoni huanza kuwa na utamu? La tatu ni la mwezi uliopita: taja tofauti mbili kati ya kuvu na mmea. La nne ni la kidato cha kwanza: chora seli ya mmea na uoneshe sehemu mbili ambazo seli ya mnyama haina. Madaftari ya notisi yamefungwa. Kila mmoja anaandika peke yake, kimya, kwa dakika nne, hata kama atakachoandika ni nusu ya jibu. Kisha anamgeukia jirani yake kwenye deski na wanalinganisha walichoandika kwa dakika mbili. Wakati huo mwalimu hakai kwenye kiti. Anapita kati ya madeski na kuchungulia karatasi, na katika muda huo mfupi anapata habari ambayo mtihani wa mwisho wa muhula ungempa baada ya miezi mitatu.

Baada ya hapo anauliza kwa kuita majina, bila ya kusubiri mikono. Katika darasa la watoto sabini, mikono inayonyooka ni ya wale kumi wa mbele, na walimu wengi wazuri wamefundisha miaka mingi wakidhani darasa limeelewa kwa sababu kumi wameelewa. Akishaita jina asubiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi ya Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, aligundua kwamba mwalimu wa kawaida husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumhamia mwengine au kujijibu mwenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya walianza kujibu. Sekunde tatu ni ndefu sana kwa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa, na ndiyo maana kuzizoea kunahitaji mazoezi kama ujuzi mwengine wowote.

Mwisho, jibu sahihi linaandikwa ubaoni na kila mtoto anajisahihisha kwa kalamu ya rangi nyengine. Hatua hiyo isirukwe, kwa sababu mtoto aliyekumbuka vibaya na asisahihishwe ataondoka akiwa amelikaza kosa lake. Ikiwa mwalimu ameona kwamba swali la tatu limewashinda wengi, basi asiseme "hii tulishaipita". Alirudishe keshokutwa, na lirudi tena wiki ijayo. Barak Rosenshine, katika mapitio yake ya mwaka 2012 kuhusu walimu waliofanikiwa zaidi, alieleza kwamba walianza vipindi vyao kwa dakika tano hadi nane za kurejea yaliyopita, kwa hiyo muda ninaokutajia sikuubuni.

Katika skuli zetu lipo jambo la lugha ambalo halina budi kuguswa hapa. Biolojia hiyo inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba Hisabati na Sayansi zianze kufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Mtoto akinyamaza mbele ya swali la nyongo, hujui kama hajui nyongo ni nini au hajui aiseme vipi. Utafiti wa mradi wa SPINE, uliofanywa hapa Zanzibar kwa uongozi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, ulionesha kwamba wanafunzi walipopewa maswali kwa Kiswahili au kwa lugha mbili, wengi walitoa ujuzi ambao Kiingereza kilikuwa kimeufunika. Kubadili sera si kazi yako wala yangu, lakini dakika mbili za majirani kushauriana zinaweza kuwa za Kiswahili kitupu, ili fikra ikamilike kwanza. Kisha jibu liandikwe kwa Kiingereza, kwa sentensi nzima, na mwalimu aweke ubaoni maneno matatu au manne ambayo lazima yaonekane ndani yake. Mtoto aliyezoea kuandika sentensi moja kamili ya Kiingereza kila siku, katika kila somo, atakuwa ameandika mamia ya sentensi kabla ya Novemba. Nimewaona walimu wanaoogopa kwamba Kiswahili darasani kitamharibia mtoto mtihani. Ningependa waione karatasi ya mtoto aliyenakili kwa Kiingereza safi jambo ambalo hawezi kulieleza kwa lugha yoyote.

Katika Hisabati kuna nyongeza moja. Vitabu vyetu humpa mwanafunzi mazoezi kumi ya aina moja, yakifuatiwa na kumi ya aina nyengine. Akifika swali la tatu hana tena haja ya kusoma swali, kwa sababu anajua njia ni ile ile. Mtihani unachanganya, na kazi ngumu katika mtihani ni kuitambua njia. Doug Rohrer na wenzake walichapisha mwaka 2020 utafiti wa madarasa 54 ya darasa la saba huko Florida. Waliopewa mazoezi yaliyochanganywa walipata wastani wa asilimia 61 katika mtihani wa kushtukiza mwezi mmoja baadaye, na waliopewa mazoezi ya aina moja moja walipata asilimia 38. Mwalimu anaweza kuyachanganya mwenyewe ubaoni. Wachumaji watatu wa karafuu wamechuma pishi 18, 24 na 30. Tafuta wastani wa pishi zao. Malipo yao ya pamoja yagawanywe kwa uwiano gani, kwa kufuata pishi walizochuma? Ikiwa aliyechuma pishi 30 leo alichuma 24 jana, ongezeko lake ni asilimia ngapi? Namba ni zile zile na mashamba ni yale yale anayoyajua, lakini kila swali linamlazimisha asimame na kuamua la kufanya. Tarajia kwamba wiki za mwanzo watakosa zaidi kuliko walipofanya mazoezi ya aina moja, na waeleze walimu mapema kwamba hali hiyo ni ya kawaida, ili wasiiache njia kabla haijazaa.

Sharti moja lisipotimizwa, yote haya yataharibika: maswali ya mwanzo wa kipindi yasiwe na maksi, na asiadhibiwe mtoto kwa kukosa. Siku utakapowatolea bakora waliokosa, au ukabandika majina yao ukutani, watajifunza kunakili kwa jirani na kuficha wasichokijua, na mwalimu atakuwa amepoteza habari aliyoihitaji. Ruth Butler alionesha mwaka 1988 kwamba wanafunzi waliopewa maelezo ya jinsi ya kurekebisha kazi yao, bila ya maksi, waliendelea vizuri kuliko waliopewa maksi peke yake, na hata kuliko waliopewa maksi na maelezo kwa pamoja, kwa sababu jicho la mtoto likishaiona namba halishuki tena kwenye maelezo. Maksi zina mahali pake mwisho wa muhula.

Kuhusu semina zinazokuja na jambo jipya kila mara, nakupa kipimo kifupi: uliza jambo hilo lilijaribiwa kwa wanafunzi wa aina gani, na likalinganishwa na nini. Mfano ni fundisho kwamba kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza, huyu kwa kuona, yule kwa kusikia, mwengine kwa kutenda, na kwamba mwalimu amfundishe kila mmoja kwa mtindo wake. Harold Pashler na wenzake waliupitia ushahidi wake mwaka 2008 na hawakupata msingi wa kutosha wa kuwataka walimu wapange masomo hivyo. Kama walimu wako wamepoteza usingizi kwa ajili ya hilo, wapumzishe.

Nije kwenye kazi yako mwenyewe, kwa sababu yote niliyoyaeleza yanaweza kufia kwenye faili la waraka. Mwaka 2008 Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake walikusanya tafiti zilizolinganisha aina za uongozi wa skuli na matokeo ya wanafunzi. Iliyoonekana kuwa na athari kubwa kuliko zote ilikuwa ni kiongozi kuhimiza na kushiriki yeye mwenyewe katika kujifunza pamoja na walimu wake. Uzito upo katika kushiriki. Kwa hiyo nakushauri usitoe agizo kwa skuli nzima. Chagua walimu wawili au watatu wanaotaka, mmoja wao awe wa Hisabati, na uanze nao kidato cha kwanza na cha pili, ambako matunda yana muda wa kuiva. Ikiwa bado una kipindi unachofundisha, anza wewe. Mara moja kwa wiki mkae nusu saa, kila mmoja na karatasi chache za wanafunzi mkononi, na mchague swali moja tu lililowashinda wengi, mjiulize kwa nini lilishinda na kesho litaulizwaje. Mshauri wa masomo wa kituo cha walimu kilicho karibu nawe anaweza kualikwa katika kikao kama hicho, na atakisaidia zaidi akikuta karatasi mezani kuliko akikuta hotuba ya ukaribisho.

Nenda madarasani kwa dakika kumi za mwanzo, bila ya fomu. Tazama mambo matatu: madaftari yamefungwa au la, wangapi wanaandika, na swali la zamani kuliko yote ni la lini. Ukikuta maswali yote manne ni ya jana, mwalimu hajaelewa bado, na mazungumzo ya dakika tano kwenye kibaraza yanatosha kumwelekeza.

Watakuja walimu wakuambie kwamba dakika nane katika kipindi cha dakika arobaini ni nyingi, silabasi haitamalizika, khasa kwa skuli zenye mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, ambako kengele haimsubiri mtu. Hoja yao ni ya haki na isidharauliwe. Wajibu kwa kukaa nao na azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka. Hesabuni pamoja ni saa ngapi mwaka jana zilitumika kufundisha upya kambini mada zilizokwisha kufundishwa, na muone kama saa hizo zikigawanywa hazizidi dakika mnazoziomba. Kuna faida nyengine kwa Pemba: msimu wa karafuu unapopamba moto na madeski yakapungua watu, mada inayorudi mara kadhaa humpa aliyekosa siku ya kwanza nafasi ya kuikuta tena, ingawa haichukui nafasi ya kipindi alichokikosa, na wazee waendelee kuambiwa hivyo.

Kundi moja halitasaidiwa na maswali haya peke yake. Ni wale wanaoingia kidato cha kwanza hawawezi kusoma aya moja na kuielewa, au hawajui kujumlisha sehemu kama nusu na robo. Kwao ushahidi mzuri umetoka India, ambako shirika la Pratham liliwapanga watoto kwa kiwango walichofikia badala ya darasa walilomo, na likawafundisha kutoka hapo kwa saa moja au mbili kwa siku. Njia hiyo ilipimwa kwa majaribio ya kina na watafiti wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Kama walimu wako wanajitolea jioni, kundi hili lina haki ya jioni hizo mapema mwakani kuliko kidato cha nne mwezi wa Oktoba.

Sikushauri uivunje kambi mwaka huu. Wazee wameizoea, kwa baadhi ya watoto ndiyo nafasi pekee ya taa, meza na utulivu, na kwa wasichana wengi ndiyo wiki pekee ambazo kazi za nyumbani haziwaiti. Ibadili ndani kwa ndani. Kila kikao kianze kwa karatasi tupu na daftari lililofungwa, na kusoma kuje baada ya hapo, kwa yale tu yaliyoshindikana. Masomo yachanganywe katika siku moja badala ya kutengewa siku nzima kwa somo moja. Taa zizimwe saa nne usiku. John Jenkins na Karl Dallenbach walionesha tangu mwaka 1924 kwamba mtu akilala baada ya kujifunza husahau kidogo kuliko anayebaki macho kwa muda ule ule, na tafiti nyingi za baadaye zimeunga mkono kwamba usingizi huimarisha kumbukumbu. Mtoto anayesinzia juu ya daftari saa sita usiku hapotezi saa hiyo tu, anapunguza pia nguvu ya alichokisoma mchana.

Na ili usitegemee neno langu wala la mtafiti yeyote, jipimie mwenyewe. Mwezi wa Mei chukua mada moja iliyofundishwa Februari, andika maswali kumi, na uwape bila ya taarifa mikondo miwili ya kidato cha pili: mmoja wa mwalimu aliyeanza na maswali ya kila siku, na mwengine wa mwalimu ambaye hajaanza. Mikondo hiyo iwe ilikaribiana katika mtihani wa mwisho wa mwaka uliopita, vyenginevyo hutajua tofauti imetoka wapi. Sahihisheni kwa pamoja, majina ya wanafunzi yakiwa yamefunikwa. Ukiona tofauti, yaweke matokeo hayo mbele ya kamati ya skuli na wazee kabla ya mwezi wa Juni, wakati michango ya kambi haijaanza kukusanywa, na waombe sehemu ya michango hiyo inunue karatasi na chaki za muhula wa pili. Usipoiona, niandikie tena na uniletee maswali yenyewe kumi pamoja na ratiba ya mwalimu, tuangalie ni wapi mada ile iliachwa bila ya kurejewa.